Mto wa Choroko

Mtaa wa Swahili, Kariakoo
Dar es Salaam
10 Novemba 1974

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe, mama na mdogo wangu Clotilda. Mimi na shangazi Severa hatujambo, ila goti lake bado linamsumbua.

Habari ya ninyi kuhamishiwa kijiji kipya kwa amri ya serikali niliisoma nimesimama, nikajikuta nimekaa. Hata nyumba yetu imevunjwa! Na mama hapati usingizi, mikono inamtetemeka. Umeandika "mengine yote hatujambo", lakini mikono ya mama haijawahi kutetemeka, Baba.

Tangu nimalize shule nafanya kazi kwa Mama Kusum, Mhindi mwenye cherehani pale Mchafukoge. Anashona vitu vya kutuliza watu, kama alivyofundishwa na bibi yake aliyetoka Gujarati: mito midogo ya mbegu za haradali ya kulazia watoto wachanga, vifuko vya kuweka machoni, shanga za msandali za kuchezea vidoleni. Wateja wakiingia mimi najificha nyuma ya pazia. Nilipomsimulia habari za mama, alinipa kitambaa akasema, "Mtengenezee. Lakini fumba macho, binti. Mkono ndio mteja, si jicho."

Nimefumba macho mpaka nikajichoma sindano. Mto wenyewe ni mrefu kama mtoto anayenyonya, wa kulazwa mapajani. Upande mmoja khanga iliyochakaa, upande wa pili satini. Ndani nimejaza choroko, kwa sababu ukiuinamisha zinateremka kwa sauti ya mvua iliyo mbali. Nimechanganya na karafuu za kutuliza kichwa. Mama auminye polepole, na mtu asiufungue. Shaibu, utingo wa basi la Songea, ataufikisha.

Mwanao,
Josepha


Kijiji Kipya, Songea
2 Desemba 1974

Mwanangu Josepha,

Salamu zako tumezipokea, nasi hatujambo kabisa.

Mto umefika. Mama yako amelala usingizi ambao hajalala tangu tuhame. Clotilda naye amelala. Mshukuru sana huyo Mama Kusum. Muulize kama anaweza kutengeneza mingine, mikubwa zaidi. Satini haina haja, hata gunia linatosha. Karafuu msiweke.

Baba yako,
Kasmir


Kariakoo
15 Desemba 1974

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia hamjambo. Mama amelala! Nimeirudia sentensi hiyo mpaka shangazi akaninyang'anya barua.

Mama Kusum alicheka sana. "Baba yako mteja mgumu! Hataki satini, hataki karafuu, anataka ukubwa tu. Huyo anatafuta godoro." Mimi niliumia kidogo kuhusu karafuu, lakini nimetii.

Choroko zimekuwa adimu sokoni siku hizi, na mimi naona haya kusukumana na watu kwenye foleni. Kwa hiyo nimefumba macho tena, nikajaribu mchanga, nikajaribu pumba. Mwishowe Mzee Mwinyimvua, seremala wa jirani, amenipa vumbi la mbao ya mninga. Ni jepesi, linanukia, na linahifadhi joto, nanyi huko mna baridi. Nimeshona mito mitatu mikubwa. Shaibu alipoibeba akanitania, "Dada, ndugu zako huko wanalala tu? Hawalimi?"

Wakumbatie wote kwa Noeli.

Mwanao,
Josepha


Kijiji Kipya
20 Januari 1975

Josepha mwanangu,

Barua hii nampa Shaibu mkononi. Zile nyingine hupita kwa katibu wa kijiji, naye huzisoma kabla hazijaondoka. Sasa naweza kukuambia.

Mama yako hatetemeki kwa huzuni. Anatetemeka kwa njaa. Chakula chake anampa Clotilda. Tulihamishwa tukaacha mahindi ghalani, na tuliporuhusiwa kurudi kuyachukua hatukukuta kitu. Huku mashamba bado ni pori.

Mto wako wa kwanza tuliupika. Karafuu zilitushinda kuziokota zote. Tulikula hivyo hivyo, ndipo tukalala.

Mito mitatu ilipofika, maji yalikuwa yanachemka jikoni. Mama yako alikuwa amemwita jirani yetu Sofia na wanawe. Nikakata mshono mbele yao. Likamwagika vumbi la mbao. Clotilda akachovya kidole, akaonja. Nikakata wa pili. Wa tatu mama yako aliukata mwenyewe, hakuamini. Tukakaa tunatazama maji yanavyochemka. Sofia akasema, "Lakini linanukia vizuri," akawachukua wanawe akaondoka.

Usilie. Hukufanya kosa. Aliyeandika hatujambo ni mimi.

Baba yako,
Kasmir


Kariakoo
27 Januari 1975

Baba,

Shikamoo. Sikuulizi kama hamjambo.

Barua yako niliisoma nyuma ya pazia nikashindwa kutoka. Mama Kusum akaja, akaichukua, akaisoma. Akakaa chini, juu ya vitambaa vya wateja. "Tulisema mkono ndio mteja," alisema, "wala hatukuuliza umekula nini." Hakushona tena siku ile.

Mimi nilienda sokoni. Nilisukumana kwenye foleni, nikabishana, nikagonga milango ya maduka yaliyokwisha fungwa. Sikujua nina sauti kubwa namna ile. Kuna muuzaji aliniambia, "We binti, choroko zote hizi unafungua hoteli?" Nikamjibu, "Ndiyo!" Akapima.

Shaibu anasema kwenye kizuizi cha barabarani askari wanashusha magunia yote ya nafaka yasiyo na kibali. Ndiyo maana choroko nimezituma ndani ya mito, na ndiyo maana nimerudisha karafuu: askari akiinamisha pua, anuse mto, si chakula. Safari hii nimezifunga kwenye kitambaa, mzitoe kabla ya kupika.

Mmoja nimeushona kwa uzi mwekundu. Huo ni wa mama, wa mapajani. Nakuombeni, huo msiupike.

Mwanao,
Josepha


Kijiji Kipya
18 Februari 1975

Mwanangu,

Mito imefika yote. Shaibu anasema askari aliukumbatia mmoja akasema angeoa mke anayenukia hivyo.

Sofia na wanawe walikula nasi. Siku zilizofuata walikuja wengine, nasi hatukuweza kufunga mlango.

Ule wa uzi mwekundu ulibaki peke yake. Mama yako aliulaza mapajani kama ulivyoagiza. Akauinamisha mara moja, akasikiliza mpaka choroko zikatulia. Kisha akaomba kisu. Nikamwambia mtoto amekataza. Akasema, "Mwambie nimeusikia."

Choroko tukazipikia waliokuja, na mfuko mtupu ameujaza lile vumbi la mninga, maana hatukulitupa, akaushona tena kwa uzi wako mwekundu. Nilimtazama akitunga sindano. Alitunga mara moja tu.

Umeacha kutuuliza kama hatujambo. Uliza tena, mwanangu. Tutakujibu kweli.

Baba yako,
Kasmir