Nimekataa Kuandikwa Nimeumia

Jumamosi, saa kumi na mbili jioni, mtaa wa Majimbo. Manyunyu tangu asubuhi, na ile baridi ya Embu ya mwezi wa saba ambayo hata sweta mbili haziiwezi. Nimeketi jikoni, miguu ndani ya beseni la maji moto yenye chumvi, na nina hasira. Lakini ni hasira tamu, ya mtu aliyeambiwa asogee akakataa.

Wacha nianze na uongo wangu, maana bila huo hakuna kitakachoeleweka.

Kwa miaka kumi nimewaambia watu niliacha kuruka juu kwa sababu ya goti. Mume wangu anajua ni goti. Wateja wa agroveti ninakouza mbegu na dawa za ng'ombe, wakiona ile picha yangu ya shule ukutani wakauliza, wanaambiwa goti. Mama yangu kule nyumbani Muthara aliwahi kuliombea hilo goti kanisani mbele ya watu wote, na mimi nikasimama nikapokea maombi.

Goti langu ni zima. Halijawahi kuuma hata siku moja.

Ukweli ni huu. Nikiwa kidato cha nne, hakukuwa na msichana upande wetu wa Tigania aliyeruka juu kuliko mimi. Godoro la kuangukia hatukuwa nalo. Mwalimu Mutwiri, aliyetufundisha michezo, alishona magunia akayajaza majani makavu ya migomba, na tuliruka mtindo wa mkasi, mguu mmoja kisha wa pili, tukitua kwa miguu. Tulikuwa pia na desturi ambayo hakuna aliyetufundisha ila kila mtu aliijua: bingwa haanzii chini. Wenzake wakiruka, yeye amekaa kwenye nyasi na sweta yake, anatafuna muwa, anawatazama tu. Anapisha, yaani anawaambia waamuzi wasimwite mpaka ufito upandishwe ufike mahali pa heshima. Ukifika usawa wa kifua chake ndipo anasimama, anavua sweta polepole, na uwanja mzima unapiga mayowe.

Aki niliipenda ile sweta. Nafikiri nilipenda kuivua kuliko kuruka kwenyewe.

Basi nikaenda mashindano ya kitaifa nikafanya vile vile. Wasichana wa kutoka kwingine walianzia chini kabisa, nami nikawacheka kimoyomoyo. Nilikaa chini karibu saa nzima. Nilipoitwa, miguu ilikuwa imekufa ganzi, na mbele yangu kulikuwa na godoro la bluu kubwa kama kitanda cha familia nzima, ambalo sikuwa nimewahi kuliona. Nikaangusha ufito. Nikaangusha tena. Mara ya tatu sikuufikia hata, nilisimama mbele yake nikashindwa kuinua mguu.

Ukiangusha mara tatu kabla hujavuka chochote, huandikiwi urefu. Jina lako linawekewa kistari tu. Hata yule wa mwisho aliandikiwa namba yake. Mimi, bingwa wa Tigania, kistari.

Nilirudi Muthara nikichechemea. Nilianza kuchechemea niliposhuka basi stejini, na nikachechemea wiki tatu nzima, siku nyingine nikisahau ni mguu gani.

Sasa, mwezi wa pili mwaka huu, kwenye kundi letu la simu la waliosoma pamoja, mtu akauliza wale warukaji wetu walipotelea wapi. Karimi, tuliyekuwa tukiruka naye, akajibu kuwa yeye yuko Laare anafunga miraa, na mara ya mwisho kuruka ilikuwa mtaro, akikimbia mvua. Tukacheka. Halafu mwanamume mmoja tuliyesoma naye akaandika kuwa wa kuruka juu huwa wanaishia hapo hapo shuleni, kwamba hicho ni kipaji cha utoto.

Kipaji cha utoto! Kama meno ya maziwa!

Nilikasirika, kusema kweli. Mbona haulizi ni kwa nini? Mkimbiaji wa mbio ndefu akimaliza shule, kuna vikosi vya polisi na jeshi vinamtaka, kuna kambi, kuna mtu anamjua mtu. Mrukaji akimaliza shule anaulizwa, "Na kukimbia unaweza?" Akisema hapana, anaambiwa asante, tutakupigia. Hata mahali pa kuangukia hapati. Halafu miaka ikipita anaambiwa kipaji kilikuwa cha utoto.

Lakini pia, nikiwa mkweli, nusu ya ile hasira ilikuwa ya kistari changu.

Kesho yake nikanunua magunia. Miezi mitano nimeruka kwenye uwanja wa shule ya msingi hapa karibu, nikitoka kazini, mtoto wangu Kendi akinihesabia hatua na kuzikosea. Majirani walisema Mama Kendi ameanza kuchanganyikiwa. Nikawaacha waseme, maana mdomo ni wao.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya mchujo wa riadha, ulio wazi kwa watu wote. Wanawake watano, nafasi mbili za kwenda mbele. Mwenye kipaza sauti akatangaza, "Na leo tuna mama pia, mpigieni makofi!" Watu wakacheka. Nikamwambia mwamuzi nitaanza na urefu wa kwanza kabisa, ufito ukiwa chini ya kiuno. Wakacheka zaidi. Nikaruka mkasi wangu wa zamani, nikatua wima katikati ya godoro kama mtu aliyevuka ua wa jirani.

Nikavuka, na nikaandikiwa namba. Urefu ambao mbuzi wa Mbeere anauruka akiwa amefungwa kamba, nami nilitaka kulia hapo hapo.

Kulikuwa na msichana mmoja anaitwa Wawira, kidato cha tatu, kutoka huko chini kwenye joto. Anaruka kwa mgongo, anajikunja hewani vizuri mpaka unasahau kufunga mdomo. Nilimwona akijaribu kabla hatujaanza. Ananizidi, sina haja ya kujidanganya. Ufito ulipowekwa, akakaa kwenye nyasi na sweta yake, akawaambia waamuzi anapisha.

Nikajua. Mgongo wangu wote ulijua.

Nilimwendea nikamwambia, "Vua hiyo sweta uruke hata mara moja, mwili upate moto." Akatabasamu, mtoto mwenye adabu. "Asante, anti. Mimi huanzia juu." Nikarudi mahali pangu.

Naandika hili hapa kwa sababu sina pengine pa kuliandika. Nilimwambia mara moja tu, na kwa sauti ndogo. Ningeweza kurudi. Ningeweza kumweleza kilichonipata mimi. Lakini nafasi zilikuwa mbili na mimi nilikuwa nazitaka, basi nikafunga kamba za viatu vyangu upya, na hazikuwa zimelegea.

Akaangusha mara tatu. Ile baridi, yale manyunyu, zile nyasi zilizolowa. Mara ya tatu alibaki amelala kwenye godoro, mikono usoni, mpaka wakaja kumwinua. Akaandikiwa kistari.

Askari jela mmoja mrefu alichukua nafasi ya kwanza bila hata kutoa jasho. Mimi nilivuka usawa wa kifua kwa jaribio la mwisho. Ufito ukatikisika, ukatikisika, ukabaki. Nafasi ya pili!

Halafu mwamuzi mkuu akaniita kando ya hema. Mwalimu wa Wawira alikuwa hapo amekunja mikono. Mwamuzi huyo akaongea kwa upole, na huo upole ndio ulioniudhi. "Madam, tumefurahi sana umekuja. Lakini huyu mtoto ndiye mwenye kesho yake. Mwachie nafasi. Tutaandika tu kwamba umeumia, hakuna atakayekulaumu." Wale wawili walioandikiwa namba nyuma yangu hakuwataja.

Ati umeumia.

Miaka kumi nimeishi ndani ya hilo neno. Ninalijua vizuri. Unalivaa siku moja kwa aibu, linakukaa maisha yote. Sasa ninaletewa lingine jipya, la bure, nikiwa nimesimama kwa miguu yangu miwili mizima!

Nikamwambia mimi sijaumia. Nikamwambia kama mtoto ana kesho, na mimi pia ninayo, sijafa. Nikamwambia waandike jina langu, na nikasimama hapo hapo nikiangalia kalamu mpaka herufi ya mwisho. Mwalimu akasema huo ni ubinafsi. Labda ni ubinafsi kweli. Moyoni kulikuwa na ile sauti yangu ndogo ya asubuhi ikinisuta. Bado sikutoa nafasi yangu, na hata sasa nikiulizwa siitoi.

Nilipokuwa nikikusanya vitu vyangu Wawira akaja. Macho mekundu, ameivaa tena ile sweta. Nilidhani amekuja kuniomba, nikajikaza.

"Anti, usiwaachie," akasema. "Nikienda hivyo watasema nilipewa."

Nikamwambia ukweli wote, pale pale kwenye nyasi: kistari changu, kuchechemea kwangu, mama na maombi, na jinsi nilivyomwonya leo kwa sauti ndogo kwa makusudi. Nikamwona akikasirika, na alikuwa na haki yake. Kisha akaniuliza kama mimi ndiye yule wanayesema hufanya mazoezi na magunia huko Majimbo. Nikasema ndimi. Akauliza kama shule ikifungwa anaweza kuja, kwa sababu shangazi yake anakaa karibu, na kwa sababu anataka kunitoa kwenye nafasi hii mwaka ujao, na anataka kunitoa akijua vizuri anamtoa nani.

Wee! Huyo mtoto ana mdomo.

Sasa maji kwenye beseni yamepoa na ninajiuliza: nitamfundisha kweli? Mtu anayekuja kuchukua nafasi yangu, ambaye atanishinda nikimfundisha na atanishinda nisipomfundisha?

Nitamfundisha. Kila kitu, na kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Basi na aje anishinde. Lakini atanishinda nikiwa naruka.