Trakta Iliyokwama Suez

Shamba la Bwana Miwani,
Posta ya Subukia,
Nakuru.
12 Mei 1957

Mpendwa ndugu yangu Kemboi,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. U hali gani huko Mombasa, na joto lile umelizoea? Kifua chako je, kimepona? Sisi huku hatujambo, ila mtoto wetu mdogo ana kikohozi cha mvua, nacho kinapungua. Mvua imenyesha vizuri tangu Pasaka na mahindi yanafika magotini.

Barua yako ilifika, asante. Uliniandikia kwamba ulikuwa zamu gatini Kilindini mkashusha sanduku kubwa lenye jina la bwana wetu, ukapiga zile mbao kofi ukawaambia wenzako hii ni trakta ya ndugu yangu. Ilikuwa trakta yangu kweli. Sasa ngoja nikueleze ilikuja kufanya nini, maana wewe ukishashusha sanduku hujui linakokwenda.

Mwezi wa nane mwaka jana Bwana Miwani aliuza trakta ya zamani akaagiza mpya Uingereza. Siku hiyo hiyo alimwita baba akamwambia mkataba wake ukiisha Desemba hautaandikwa tena. Ng'ombe wa plau hawana kazi tena, na asiye na kazi haruhusiwi kukaa shambani, arudi rizavu ya Nandi walikotengewa watu wetu. Baba amekaa hapa miaka ishirini na minane. Mimi nilibakizwa kwa sababu mimi ni dereva. Hayo yote yalisemwa mlangoni pa stoo, kwa muda wa mtu kuvuta sigara moja.

Halafu Suez ikafungwa. Meli iliyobeba trakta ilikuwa imeshaingia ndani ya mfereji, na mbele yake na nyuma yake zimezamishwa meli nyingine, haiendi wala hairudi. Hayo tulielezwa na Mwalimu Owuor wa shule ya shamba, ambaye hutusomea gazeti kila Jumapili baada ya kanisa.

Baba, ambaye hajawahi kuiona bahari, alianza kuja kusikiliza. Aliuliza huo mfereji uko katika nchi ya nani. Mwalimu akamjibu, ya Misri. Nani alichimba? Watu wa Misri. Sasa Waingereza na Wafaransa wanadai nini? Mwalimu akasema wanadai kampuni ni yao, na meli ni zao. Baba akauliza tena, "Lakini udongo ni wa nani?" Nyapara alikuwa amekaa karibu, basi Mwalimu akakunja gazeti akasema tuendelee Jumapili ijayo.

Desemba ikafika, trakta hakuna, na shamba linataka kulimwa. Bwana akafungua stoo akatoa plau za zamani, akamwita baba, akamwandikia miezi minne. Baba alichagua ng'ombe kumi na sita akawafundisha upya kwa wiki mbili. Alikuwa na furaha, Kemboi, sijapata kumwona hivyo tangu nikiwa mdogo.

Alihitaji mtu wa kutangulia na kushika ukanda wa ng'ombe wa mbele. Bwana akaangalia huku na huku akaniona mimi, dereva mwenye leseni, nimekaa bure nakula posho. Basi nilitembea mbele ya ng'ombe toka Krismasi hadi mwezi wa tatu, miguu mitupu, matope mpaka magotini, na baba nyuma na kiboko chake akinifokea mbele ya wanawake wa palizi, "We Kipsang, unakwenda wapi? Hata Karani anajua njia kukushinda!" Karani ni ng'ombe. Walicheka mpaka wakachoka. Mwanzoni nilikasirika sana. Baadaye nikazoea, na saa ya chakula tulikaa pamoja chini ya gari la ng'ombe tukaongea mambo ambayo hatujawahi kuongea, hata habari zake na marehemu baba yako walipokuwa vijana.

Nikuambie na jambo la kanisani. Mhubiri aliuliza nani ana ombi. Baba akasimama, akaomba zile meli zilizozama Suez zizidi kuzama. Mhubiri hakujua kama aseme amina. Mimi nilisema, kwa sauti ndogo. Kumbuka hiyo trakta ndiyo kazi yangu, na kama isingefika kabisa bwana angenifukuza mimi. Sisi wawili tulikuwa tunakula kwa mfereji mmoja, yeye ukifungwa, mimi ukifunguliwa.

Wakaja watu wakazitoa meli, mfereji ukafunguliwa, na mengine unayajua wewe mwenyewe. Trakta niliipokea stesheni ya Nakuru. Ni nyekundu na ina nguvu, siwezi kudanganya, niliipenda. Bwana alimpa baba barua ya tabia njema na blanketi, na ng'ombe wakauzwa kwa mchinjaji wote kumi na sita. Baba hakwenda kuwaaga.

Mzigo wa kwanza niliovuta kwa trakta hiyo ulikuwa vitu vya baba na mama, Alhamisi iliyopita. Kitanda, masufuria, kuku watatu na mama amekaa juu ya magunia. Nilimshukuru bwana kwa kunipa trela, na nilipokuwa nikimshukuru niliona haya kabisa, haya ya kutaka kuingia chini ya ardhi. Njiani baba alisimama nyuma yangu ameshika kiti. Aliniuliza hii mashine inaitwa nani. Nikasema haina jina. Akauliza, "Sasa ikikwama utaiambiaje?" Tulifika Nakuru wakapanda basi la Kapsabet.

Sasa nafika kwenye neno lililonifanya nikuandikie. Baba hana hata futi moja ya ardhi huko rizavu. Alipopewa ile barua ya bwana aliniuliza waende wapi, nami nilikuwa na barua yako mkononi, nilikuwa namsomea habari za sanduku. Nikaendelea kusoma. Nikamsomea kwamba unasema nyumba yako ya Nandi haina mtu tangu uende pwani, na kwamba yeye na mama wakae humo na walime mpaka wachoke. Hukuandika hivyo. Baba hajui kusoma. Alilia, Kemboi, akasema wewe ni mtoto wa ndugu yake kweli.

Chelagat mke wangu anakusalimu, na dada yetu Jepkoech pia, na Mwalimu Owuor. Tusalimie mkeo na watoto. Mungu akulinde juu ya magati hayo na akurudishe nyumbani mzima.

Chifu wa huko atamtaka baba aonyeshe maandishi ya mwenye nyumba. Nimemwambia baba kwamba maandishi yanakuja kwa posta. Nakuomba uyaandike.

Ni mimi nduguyo akupendaye,
Kipsang