Pindo la Vidole Vinne

Mama, leo umetimia mwaka tangu ulipofunika cherehani saa tisa alasiri, ukasema unajinyoosha kidogo, na hukuamka tena.

Wateja walikuita Mama Pindo, wengine kwa utani, maana nguo ya mtoto haikutoka mkononi mwako bila pindo la vidole vinne, la kufumuliwa akirefuka. "Mtoto hamsubiri fundi ndipo akue," ulisema. Na mtu akija kumlalamikia mume au jirani, ulimsikiliza na pini zako mdomoni, kisha ukazitoa na kumwambia, "Mwachie pindo. Kwani wewe Mungu kakuachia la kiasi gani?" Walikuja kupunguza suruali, wakaondoka wamesamehe watu.

Nyumbani hukuruhusu sala ya chakula ianze kama kuna walionuniana. Chakula kilipoa. Mara nyingi tulipatana kwa njaa tu, nawe ukasema Mungu anapokea hata huo upatanisho.

Tukuambie ukweli, mama, sisi tumeshindwa. Lile gauni la mjukuu uliloliacha bila kulimaliza, binti yako mkubwa alilimalizia wiki ileile ya mazishi. Naye ni fundi, alitaka likae kama la dukani, akalikata pindo. Mdogo wake, mama wa mtoto, alipomvalisha na kugeuza ncha, alisema tu, "Umemkata mama." Hawajasemezana tangu siku hiyo. Tumepeleka salamu huku na huku, zikarudi kama zilivyokwenda. Hasira hasara, tuliwaambia, lakini maneno hayo mdomoni mwetu hayana nguvu yalizokuwa nazo kwako.

Jana walikutana mezani kwako. Mdogo alileta gauni.

"Halimtoshi tena," alimwambia baba.

Dada yake akafungua mkoba, akatoa kitambaa kilichokunjwa, upana wa vidole vinne. Kumbe alikitunza mwaka mzima.

"Sikujua kama ingeuma hivi," alisema. "Naweza kukiunga, lakini mshono utaonekana."

"Uonekane," mdogo wake akajibu, macho bado kwa baba.

Hakuna aliyenyanyua sindano. Tulijua wewe ungesema neno, lakini hatukujua ni neno gani. Tukainamisha vichwa. Baba, ambaye miaka yote kazi yake ilikuwa kuitikia sala zako, akasema, "Bwana, hatujui tufanyeje. Tusaidie." Akaishia hapo, amina akaisahau. Binti zako wawili wakaisema kwa pamoja. Kisha tukala, chakula kimepoa.

Gauni bado liko juu ya cherehani, na kitambaa chake pembeni.

Unakumbukwa na mume wako yule fundi baiskeli, binti zako wawili na kaka yao, wakwe zako, na mjukuu wako, aliyeuliza asubuhi hii gauni lake litashonwa lini.

Hatutakusahau, mama, kila tutakapoketi kula.