Koti la Kunguru

Ejok, hujambo, mjukuu wangu Akiru. Hapa Kanamkemer tu wazima. Mvua imenyesha kidogo na mbuzi wa mama yako wamezaa.

Umeniandikia kutoka huko kwenye baridi kwamba Kiingereza kina neno moja, hooded, kwa ndege mwenye kofia na kwa koti lenye kofia, ukauliza kama sisi tulikuwa na mambo hayo.

Tulikuwa nayo. Ujanani niliuza mitumba kambini Kakuma pamoja na rafiki yangu Nyandeng, mkimbizi kutoka Sudan. Makoti tuliyapa majina ya ndege: lenye kofia tuliliita tumbusi, jeusi lenye kola nyeupe tuliliita kunguru. Kwa joto lile, aliyenunua koti ni mkimbizi aliyepata safari ya Ulaya, basi.

Asubuhi moja Nyandeng alilitoa koti la kunguru kwenye fungu, akalivaa. Nilimfunga vifungo hadi shingoni, jasho likitutoka sote wawili.

Aliondoka nalo, hajarudi mpaka leo. Kunguru akitua uani huwa namwamkia, "Ejok, Nyandeng."

Sasa umenitumia picha yako ukiwa umevaa koti. Ni zuri, mama. Siku utakayorudi, liache huko huko.

Bibi yako