;q;q

Mado, mi niko na hasira!

Kabemba wetu wa korali alitosha Ubuntu, programu yenye kuendesha ordi, ile kompyuta ya paruasi, juu ilikuwa inakawia sana, akatia ingine, Debian. Hakujaribu clavier ya kuandikia.

Leo, maziko ya mama mukwe wake, mama Mushiya. Anafinya «mama mushiya» mu clavier, projecteur inaonyesha pa ukuta ya kanisa:

;q;q ;ushiyq

;q;q, Mado! Mbele ya bantu bote! Clavier yetu ni ya Kifaransa, Debian ilifikiri ni ya Kiingereza.

Tata Kankolongo mufiwa anasimama: «Mukwe, njo vile unaita muke wangu?»

Kabemba, jasho tu, anatafuta mu paramètres namna ya kurudisha Kifaransa. Bandugu banabeba sanduku, banatoka.

Njo clavier inakubali sasa. Pa ukuta: Mama Mushiya, jina nzima, muzuri kabisa. Mu kanisa Kabemba anabakia ye peke, anaisoma.