Benchi la Idd Pili

Baba,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, maana sauti yako sijaisikia tangu Rajabu ya mwaka jana. Yasini yako naisoma kila Ijumaa, hilo sijaliacha. Lakini lipo jambo limenikaa kifuani na siwezi kulibeba tena peke yangu. Mtaa wako nimeuua mimi.

Usiseme nazidisha maneno. Ulikuwa ukinitania kuwa nina ulimi wa pilipili. Haya, leo pilipili imeniingia machoni mwenyewe.

Duka lipo. Leso bado nazipanga ulivyonifunza, jina, yale maneno ya pindoni, likitazama nje ili mteja alisome kabla hajauliza bei. Lakini ukitoka mlangoni, Baba, hungeijua Ukunda yako. Kwa Mzee Mvindi, fundi viatu wetu, sasa wanauza simu, na spika iko mlangoni inapiga makelele tangu asubuhi. Mwenyewe amehamia kwa bintiye Ramisi. Pale ulipokuwa ukiweka benchi, tuktuk zinapanga foleni. Bi Mwanatumu wa viungo bado yuko ng'ambo yetu, ila akifunga adhuhuri kwenda kuswali, hafungui tena.

Ngoja nikwambie nilivyokosea.

Tangu nipate akili nakuona, kila Idd Pili baada ya alasiri, unalitoa benchi la mvule la Babu na kulilaza mdomoni mwa mtaa. Gari haliingii tena mpaka magharibi. Mikeka inatandikwa juu ya lami, Bi Mwanatumu anatoa mahamri yake, Mzee Mvindi anapiga twari, na watu waliotoka Bodo na Kinango kuja kununua nguo wanakaa na sisi kama ndugu wa tumbo moja. Watoto wanakimbia katikati ya njia na hakuna mama wa kuwapigia kelele. Nami nikadhani ni benchi linaloufunga mtaa. Mjinga mimi.

Idd ya kwanza bila wewe, arubaini yako ilikuwa imepita. Nikajiambia, sitamwangusha Baba. Nikavaa leso mpya, nikaliburura lile benchi peke yangu, nikaliweka mahali pake, nikakaa.

Hakuja mtu.

Tuktuk zikapiga honi. Kijana wa duka la simu, wakati huo alikuwa na kijimeza tu karibu na kwa Mzee Mvindi, akanijia: "Siz, toa hiyo benchi bana, unablock macustomer." Nikatazama ng'ambo. Mlango wa Bi Mwanatumu ulikuwa wazi nusu na niliona pindo la leso yake ndani. Alikuwepo, na hakutoka. Mzee Mvindi naye alikuwa amekaa ndani kwake. Nilikaa pale mpaka makalio yakafa ganzi. Kisha lori la soda likarudi nyuma, dereva hakuangalia, nikaruka kando, mguu mmoja wa benchi ukavunjika. Nikaliburura ndani, nikafunga mlango, nikalia katikati ya marobota. Niliwatukana wote, Baba. Nilisema walikupenda ulipokuwa hai tu, wanafiki wakubwa. Nisamehe.

Wiki ile nzima sikumsalimia Bi Mwanatumu. Iliki iliponiishia ndipo nikavuka kwenda kwake, na uso nimeukunja. Akanipimia iliki, halafu akaniuliza taratibu, "Mwanangu, mbona hukutwambia?"

Nikamwambia, "Nilidhani mwajua."

"Kujua twajua. Kualikwa ndiko hatukualikwa."

Alikuwa amepika mahamri, Baba. Alikuwa ametia hina na kuvaa, akakaa nyuma ya mlango akingoja nibishe hodi. Mzee Mvindi alikuwa na twari mapajani. Kila mmoja alikuwa ndani kwake akingoja, na mimi niko nje nawangoja wao. Waliliona benchi, lakini wakasema huenda binti anataka kukaa peke yake na msiba wake, nani atamwingilia bila kuitwa?

Ndipo Bi Mwanatumu aliponihadithia nisilolijua. Kwamba zamani, njia ikiwa bado mchanga, lori la miwa lilipita siku ya Idd Pili likamkosa mtoto kwa kitambo kidogo tu. Babu akalikokota benchi la dukani akaziba njia na kulikalia mpaka jua likatua. Mwaka uliofuata watu wakamtaka afunge tena. Akakataa. Akasema mtaa ni wa watu, hawezi kuufunga mpaka aende kuwauliza mlango kwa mlango. Basi ikawa hivyo. Asiyebishiwa hodi hatoki, hata kama ngoma inalia kizingitini kwake.

Hapo ndipo nilipozikumbuka Ijumaa zako. Ijumaa ya mwisho ya Ramadhani, duka limejaa wateja mpaka mlangoni, na wewe ukitoka msikitini hurudi. Nilikuwa nikinuna, nikisema Baba amekwenda kupiga soga na mimi mgongo wavunjika. Ukirudi jioni viatu vimejaa vumbi, ukiegemea mlango, ukiniambia, "Na wewe, Mwanasha, umealikwa." Nami nikikujibu kwa kiburi, "Nialikweje kwangu?" Ukicheka. Miaka yote ile nilidhani ni mzaha.

Kwa nini hukunieleza, Baba? Nimekukasirikia, wallahi nimekukasirikia, na kumkasirikia maiti ni kazi ngumu kwa sababu hajitetei. Ulinifunza kupima, kukunja, kujua rangi itakayochujuka. Mtaa hukunifunza. Au ulikuwa ukinifunza kila mwaka pale mlangoni, nami nikijibu kwa mkato.

Baada ya Idd wakaja watu wa mambo ya barabara na daftari lao. Wakauliza, mtaa huu bado hufungwa sikukuu? Watu wakajibu kweli tupu: mwaka huu haukufungwa. Mwezi haukwisha, steji ya tuktuk ikahamishiwa hapa. Mzee Mvindi alipokuwa akifunga virago nilimsaidia kubeba kalibu zake za mbao za kuundia viatu. Akaniambia hakuwa na hasira na mimi, alikuwa akibakia kwa ajili ya Idd Pili tu. Afadhali angenipiga kofi.

Sasa tuko Shaaban. Usiku wala mchana sioni namna. Milango uliyokuwa ukiibisha, mingi ina watu ambao jina lako hawalijui. Lile twari limekwenda Ramisi. Bi Mwanatumu amesema mikono yake haikandi tena unga mwingi. Sikudanganyi kwamba kuna matumaini, hujawahi kunilea kwa uongo.

Benchi nimelipeleka kwa seremala. Mguu mpya ni mweupe, haufanani na mingine, lakini linasimama. Naahidi, Ijumaa ya mwisho ya Ramadhani nitafunga duka hata wateja wakinuna, nami nitabisha hodi kila mlango. Nitabisha kwa Bi Mwanatumu. Nitabisha kwa yule kijana wa simu, na kwa madereva wa tuktuk mmoja mmoja. Nitapanda gari niende Ramisi nibishe kwa Mzee Mvindi. Wakija, wasipokuja, hakuna atakayesema tena kuwa hakuitwa.

Maneno yenyewe bado sijayazoea. Kwa hivyo leo nimekuja makaburini kuyajaribu, na barua hii naiandikia hapa, karatasi nimeiweka juu ya goti. Nimekutolea salamu, nimekubishia hodi kwa kidole juu ya jiwe la kichwani pako. Lala salama, mzee wangu, Mola akupanulie ulipo.

Idd Pili, baada ya alasiri, mtaa unafungwa. Na wewe, Baba, umealikwa.

Mwanao,
Mwanasha