Baba, Fundi Redio, Aliyewauliza Waimbaji Walifundishwa na Nani

Mwaka umetimia leo, Baba, tangu ulipotutoka. Meza yako ya kutengenezea redio iko vilevile, skrubu zimetapakaa. Mama hataki iguswe.

Siku za kazi ulifungua redio za watu. Jumamosi ulibeba kinasa sauti ukawafuata waimbaji wa nyimbo ndefu za masimulizi: jikoni kwao, sokoni, hata kwenye foleni ya hospitali. Mtu akimaliza kuimba hukumpigia makofi. Ulimuuliza, "Nani alikufundisha? Na huyo alifundishwa na nani?" Shangazi alikuita Mpelelezi, nawe ukaitika.

Wimbo wa Mjane wa Kivukoni uliupenda kuliko zote. Uliupata kwa waimbaji wa pande zote mbili za mto, watu wasiojuana, ukaandika kitabu kizima kuonyesha kwamba uliimbwa tangu wazee wetu walipokuwa kitu kimoja.

Kitabu kilikuwa kwa mchapaji ulipomrudia mshona viatu wa ng'ambo, ambaye wenzake wote wa upande ule walijifunza kwake. Kwenye daftari lako jina la mwalimu wake tu ndilo lililokosekana. Tulikwenda pamoja.

"Alinifundisha bwana mmoja mrefu, miwani imefungwa uzi," alisema. "Alikuja na kinasa sauti. Nikamwambia siujui, akaniimbia wote eti nikumbuke."

"Alitoka wapi?"

"Mzee, si wewe huyo?"

Ulicheka mpaka ukashika ukuta. Njiani ulisema kitabu hakichapwi tena.

Mimi niliwaka. Nilisema kazi ya miaka kumi na saba haitupwi kwa maneno ya mshona viatu mmoja. Nani atajua? Ukanijibu, "Najua mimi, mwanangu. Huyo nitamkimbia niende wapi?" Kesho yake ulikwenda kukichukua kitabu kwa mchapaji, ukaanza upya, na maradhi yameshakuingia.

Kimetoka mwezi huu, Baba. Ni chembamba, kina waimbaji wa upande mmoja tu wa mto. Ukurasa wa mwisho umeandika nani alimfundisha mshona viatu: "Fundi redio mmoja, kwa haraka zake." Mchapaji alitaka mstari huo utolewe kwa heshima ya marehemu. Nilikataa, nikasimama pale mpaka ukachapwa.

Unakumbukwa na mkeo, dada yako, wanao watatu, wajukuu, na mshona viatu, aliyeomba ahesabiwe ndugu. Maadamu tupo hai, hutasahaulika.